Shikamoo Arobaini

Sehemu ya saba

Saa 2:40 asubuhi, Jumamosi, taa ndogo ya kijani iliwaka kwenye simu ya Selina Mayala, pembeni ya jina Furu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji. Teodora, fundi wa sare za shule kutoka Buhongwa, alikuwa amesimama mbele ya meza ya Selina katika chumba cha habari. Mkononi alishika kipande cha gazeti alichokikata kwa mkasi wa vitambaa. Binti yake Precious, mwenye miaka kumi na sita, hakuwa ameonekana tangu jana mchana.

Na Furu ndilo jina la Precious ndani ya mchezo.

"Hiyo taa maana yake nini?" Teodora aliuliza.

"Maana yake mchezo umefunguliwa kwenye simu yake. Sasa hivi."

"Kwa hiyo yu hai?"

Selina hakuwa mtu wa kusema asichokijua.

"Kuna mtu ameufungua, mama. Mpaka hapo tu ndipo tunapojua."

Teodora alipiga namba ya binti yake kwa mara ya thelathini na moja. Simu iliita mpaka ikakata.

"Anacheza, lakini simu ya mama yake haipokei!"

Kipande cha gazeti kilikuwa juu ya meza. Selina hakuwa na haja ya kukisoma, kwa kuwa alikiandika mwenyewe wiki sita zilizopita katika safu yake ya kuhakiki michezo ya simu. Mchezo wenyewe ni Kasi ya Mawimbi. Wachezaji wanne hupanda boti moja, wanashindana na wengine kuteka visiwa, na wote husikilizana kwa sauti katika chumba kimoja. Selina aliupa alama nane kwa kumi. Alipima bando linaloliwa kwa saa moja, akapima joto la simu, akapima hata sekunde za kusubiri boti ipakie.

Kuhusu watu waliomo aliandika sentensi moja. Teodora alikuwa ameipigia mstari kwa chaki ya fundi:

"Wachezaji wana adabu kuliko nilivyotarajia, katika chumba kimoja nilisikia shikamoo tele."

Katika chumba hicho Selina alikaa dakika nne. Alizitafuta baadaye kwenye kumbukumbu za mchezo, akazikuta. Nne kamili.

Precious alilelewa na bibi yake kijijini, Sengerema, mpaka alipomaliza darasa la saba. Siku yake ya kwanza katika chumba kile alisikia sauti nzito ya mtu mzima, aliyejiita Nahodha, akitoa amri. Akafanya kile ambacho binti yeyote aliyefunzwa na bibi angefanya. Alisema, "Shikamoo."

Chumba kikaangua kicheko.

Tangu siku hiyo, kila alipoingia, walimpokea kwa pamoja. Chumba kina nafasi ya wasemaji arobaini. Wengine husikiliza tu. Arobaini wote, wengi wao wanaume wazima: "Shikamoo, bibi!" Akihama chumba, walimfuata. Akinyamaza, walirudia. Mchezo una kichujio cha matusi, na kwa wiki sita kichujio hicho hakikunasa neno hata moja, kwa sababu tusi halikuwepo.

Kisha mtu alirekodi. Ijumaa asubuhi, mstarini shuleni, wanafunzi wa kidato chake walimgeukia na kumwamkia kwa pamoja.

Mchana huo aliacha sweta la shule kitandani, na juu yake karatasi: "Mama, nakwenda mahali ambako hakuna mtu atakayenisalimia."

Usiku huo amelala wapi, hakuna aliyejua. Polisi walikuwa wameandika maelezo na kuchukua picha. Mjomba wake huko Sengerema alikuwa amepigiwa simu mara mbili; hajamwona.

"Mwandikie," Teodora alisema. "Wewe mwandishi. Mwandikie!"

Selina aliandika: "Precious, ni Selina wa gazeti. Mama yako yuko hapa. Uko wapi?"

Hakuna jibu.

Juu ya ujumbe huo kulikuwa na mwingine, wa wiki tatu nyuma, na Teodora aliuona kabla kidole cha Selina hakijauficha.

"Dada Selina, nimesoma makala yako. Naomba uje chumba cha Nahodha usikilize vizuri. Tafadhali."

"Alikuandikia!" Teodora alisema polepole.

"Aliniandikia."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Kanuni yetu ni kuhakiki mchezo, siyo wachezaji."

Teodora alivuta kiti, akakaa, na kuweka mikono juu ya meza kama mtu aliyekuja kupimwa damu.

"Leo utakwenda," alisema. "Twende wote. Nipeleke mimi kwenye hicho chumba."

* * *

Saa 2:52 waliingia.

Skrini ilionyesha bandari, boti kumi zimefungwa gatini, na majina arobaini yamepangwa pembeni. Furu lilikuwa la mwisho. Alama ya kipaza sauti chake ilikuwa imefungwa. Wasikilizaji walikuwa mia moja na kumi na mbili.

"Huyo bibi anajificha," sauti moja ilisema. "Bibi, amka, kumekucha!"

"Mpeni kigoda akae!"

"Ngoja, ngoja. Moja, mbili, tatu…"

"Shikamoo, bibi!"

Salamu ilipiga kwenye spika ya simu mpaka ikakwaruza. Teodora alirudi nyuma na kiti chake. Alikuwa amesimuliwa. Kusikia ni jambo lingine.

"Hawa si watoto," alinong'ona. "Hawa wana ndevu."

"Ukibonyeza hapa watakusikia," Selina alisema.

Teodora alibonyeza. Alisogeza mdomo karibu kabisa na simu.

"Wanangu, naomba mnisikilize. Mimi ni mama yake."

Kwa sekunde mbili palikuwa kimya. Selina alifikiri ombi limewafikia.

"Mama mzaa bibi!" mtu alipiga kelele, na chumba kikalipuka.

"Shikamoo, mama mzaa bibi!"

"Mtoto wangu hajalala nyumbani!" Teodora alipaza sauti. "Kama kuna anayejua aliko, aseme! Nawaomba!"

Sauti nzito ilikata kelele. Nahodha.

"Mama, tulia. Hapa tunacheza. Sisi tunasalimia tu, na kusalimia ndiyo mila yetu Watanzania. Tusi liko wapi? Nitajie tusi moja, nimtoe mtu sasa hivi."

Teodora alifungua mdomo. Alitafuta tusi, na hakulipata.

"Umeona?" Nahodha alisema. "Haya, vijana, pandeni boti."

Simu ilitetemeka mkononi mwa Selina. Ujumbe ulikuwa wa Furu.

"Umekuja leo."

"Precious, uko wapi? Mama anataka kuongea na wewe," Selina aliandika.

"Nimemsikia. Mwambie asiwaombe."

"Uko wapi?"

"Darasa zima wana ile makala yako. Wananisomea. Gazeti limesema hawa ndio wana adabu, kwa hiyo mwenye shida ni mimi."

Selina alitazama maneno yale. Hayakuwa na kosa. Yeye ndiye aliyeandika, gazeti ndilo lililochapa.

"Ukitaka nikujibu," Furu aliongeza, "andika ukweli kwanza. Nikiusoma nitasema niliko."

* * *

Alexander, mhariri, ana miaka hamsini na minane na mlango ambao haufungwi. Teodora alitangulia kuingia.

"Shika…" alianza, kwa mazoea. Neno lilimkwama. Alishika fremu ya mlango.

Alexander alimtazama, akatazama kipande cha gazeti. Alikuwa ameshaambiwa habari nzima.

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

"Nahitaji masahihisho kwenye tovuti," Selina alisema. "Sasa. Binti ameweka sharti."

"Masahihisho ya nini? Ulikosea bando? Ulikosea jina la mchezo?"

"Nilikosea watu."

"Selina, sisi tunahakiki boti au tunahakiki abiria?"

"Boti hii bila abiria ni picha ya maji. Hakuna mchezo wa mtu mmoja pale."

"Uwanja wa mpira ukiwa na nyasi nzuri, utaupunguzia alama kwa sababu mashabiki wanazomea?"

"Nikiwaambia wazazi wapeleke watoto pale, ndiyo."

"Na wachezaji wanabadilika! Leo wana adabu, kesho hawana, keshokutwa wamehama. Gazeti likishachapwa litawakimbiza mpaka lini?"

"Basi tuweke tarehe na saa. Nilikaa lini, dakika ngapi, nikasikia nini."

"Hapo ndipo ulipokosea," Alexander alisema, bila kupandisha sauti. "Unasema kosa ni kutowaandika watu. Uliwaandika, Selina. Uliwaandika baada ya dakika nne. Ungenyamaza, leo wanafunzi wasingekuwa na cha kumsomea."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Baba," Teodora alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Mimi mpira siujui. Mimi nashona. Mteja akiniletea kitambaa, nikakigusa nikaona kimejaa upupu, halafu nikamwambia rangi yake nzuri, upana wake mzuri, mshonee mtoto. Nimesema uongo?"

Alexander alitazama tena kipande cha gazeti.

"Rangi ni nzuri kweli," Teodora alisema. "Lakini mtoto atajikuna mpaka atoke damu. Andikeni, baba. Mtoto wangu yuko nje huko."

Alexander alivua miwani. Alisukuma kompyuta yake upande wa Selina.

"Aya moja. Jina la binti lisionekane, wala shule, wala Buhongwa."

Selina aliandika kwa dakika sita. Hivi ndivyo ilivyosomeka:

"Masahihisho. Katika uhakiki wetu wa Kasi ya Mawimbi tuliandika kwamba wachezaji wana adabu. Si kweli. Mwandishi alikaa dakika nne katika chumba cha Nahodha na hakuelewa alichokisikia. Shikamoo zile zilikuwa dhihaka kwa mchezaji mmoja, na zimeendelea kila siku kwa wiki sita. Mchezo hauna njia ya kuzizuia. Alama nane tulizoupa tunazifuta."

Alexander alisoma mara mbili. Aliweka kidole kwenye skrini.

"Ondoa jina la chumba."

"Bila jina inakuwa umbea. Habari ina mahali."

"Ukitaja mlango, watu watakwenda kuchungulia."

"Ukificha mlango, binti atasema tumeficha tena."

Saa ya ukutani ilionyesha saa 3:24. Teodora alikuwa ameinamisha kichwa juu ya simu yake. Alikuwa anapiga mara ya thelathini na nne.

"Ni jina lako litakalokaa chini," Alexander alisema.

"Liwe langu."

Saa 3:25 Selina alibonyeza kitufe. Jina la chumba lilibaki.

* * *

Dakika sita zilipita bila neno. Saa 3:31 simu ilitetemeka.

"Nimesoma."

Kisha: "Asante dada."

Kisha: "Mwambie mama nilikula jana. Asiwaze."

Selina alimsomea. Teodora alijifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Alexander alikwenda mwenyewe kumletea maji.

"Uliza aliko," Teodora alisema kutoka nyuma ya viganja. "Ametoa ahadi. Mwanangu akiahidi anatimiza. Uliza!"

"Ulisema ukisoma utasema uliko," Selina aliandika. "Tunakuja sasa hivi, mimi na mama peke yetu."

"Niko karibu na maji," Furu aliandika. "Niko kwe"

Ujumbe ulikatikia hapo.

"Kwe nini?" Teodora aliruka. "Kwenye nini? Kwenye nini, dada!"

Selina alisubiri. Furu hakumalizia. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka.

Ndipo Selina alipoona namba. Wasikilizaji wa chumba cha Nahodha, waliokuwa mia moja na kumi na mbili, walikuwa mia tatu na sita. Alipepesa macho, mia tatu na arobaini. Ilipofika saa 3:43 walikuwa mia sita na kumi na moja.

Aya yake ilikuwa imepigwa picha na kusambazwa. Jina la Nahodha lilizungushiwa duara jekundu. Chini yake mtu aliandika: "Twendeni tukaamkie."

Alifungua sauti.

"Karibuni, karibuni wageni!" Nahodha alikuwa anacheka. "Gazeti limetutangaza! Nafasi za kusema zimejaa, pangeni foleni. Bibi mwenyewe yupo, jina lake ni lile la chini kabisa. Kila mtu mara moja, kwa adabu. Sisi ni watu wa adabu!"

"Shikamoo, bibi!"

"Shikamoo, bibi!"

Waliokosa nafasi ya kusema waliandika. Maneno yalipanda kwenye skrini kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, yote yakiwa neno moja.

Ujumbe wa Furu ulifika katikati ya hayo.

"Dada. Umewaleta wote."

Selina aliandika "Toka humo, zima simu, nisamehe," akafuta, akaandika tena, akatuma. Haukusomwa. Alituma mwingine. Haukusomwa.

Alexander alikuwa amesimama nyuma yake. Alikwenda kwenye kompyuta yake na kuifuta aya, saa 3:49. Haikusaidia kitu. Picha ilikuwa mikononi mwa mia sita.

"Furu" nalo ni jina la kujichagulia. Watu wa ziwani wanamjua: samaki mdogo, chakula cha sangara.

* * *

Saa 3:58 alama ya kipaza sauti cha Furu ilifunguka.

"Shhh! Bibi anataka kusema!" Nahodha aliamuru. "Kimya wote! Mpeni bibi nafasi!"

Chumba kilinyamaza. Mia sita walisubiri.

Precious hakusema. Ulisikika upepo. Ilisikika mashine kubwa ikinguruma kwa chini, na vyuma vikigongana. Kisha honi, ndefu, nzito.

Selina aliinua kichwa. Honi hiyohiyo ilikuwa imeingia dirishani, kutoka upande wa ziwa. Kwenye simu ilichelewa nukta moja.

"Kivuko," alisema.

"Kivuko cha kwenda Kamanga," Alexander alisema. "Kinaondoka saa nne."

Teodora alikuwa ameshasimama.

"Ndiyo njia ya Sengerema. Anakwenda kwa bibi yake."

"Mama, bibi yake si ungempigia simu?" Selina aliuliza.

"Bibi yake tulimzika mwezi wa pili."

Selina alikamata simu yake, sauti ikiwa wazi, na yeye na Teodora wakashuka ngazi mbio. Alexander alibaki dirishani akiwapigia polisi.

Walikimbia kwa miguu. Kutoka pale mpaka gatini ni mwendo mfupi, na foleni ya magari ilikuwa haisogei. Teodora alivua viatu njiani akavishika mkononi. Saa 4:06 walifika kwenye geti la abiria.

Maji kati ya gati na kivuko yalikuwa yameshakuwa mapana. Kivuko kilikuwa kinakwenda.

"Kirudishe!" Teodora alimpigia kelele mwanamke aliyekuwa anafunga geti. "Dada, nakuomba, kirudishe!"

Mwanamke huyo aliitwa Sabina; jina lilikuwa kifuani. Kazi yake ni kukagua tiketi.

"Hakirudi hicho, mama, kimeshaondoka. Kuna nini?"

"Binti yangu yumo. Mwembamba, ana miaka kumi na sita."

"Amejitanda kitenge cha zambarau?"

Teodora alishika nondo za geti. "Changu. Kitenge changu. Umemwona?"

"Nimemwona, nimemkumbuka vizuri, kwa sababu amepita bila…" Sabina alisita. Alimtazama Teodora, akamtazama Selina. "Amepita bila kunisalimia. Binti mdogo vile. Nikamwambia, we binti, kwenu hawakukufunza? Shikamoo iko wapi?"

Teodora alifumba macho.

"Akasemaje?" Selina aliuliza.

"Hakusema. Alinitazama, machozi yakamtoka, akapita. Nikajua ana yake." Sabina aliweka mkono mdomoni. "Kwani nimefanya nini? Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," Selina alisema haraka. "Nani yuko juu ya kivuko mwenye simu? Mpigie."

"Obedi. Baharia. Huyo ni mtu mzima, atamtafuta."

Saa 4:10 Obedi alipokea. Sabina aliweka sauti kubwa. Ni mtu wa sauti ya taratibu, mwenye lafudhi ya visiwani Ukerewe.

"Binti wa kitenge cha zambarau? Nimemwona wakati tunang'oa nanga. Alipanda juu."

"Nenda juu, Obedi. Kaa naye. Usimwache, hata akikufukuza. Mama yake yuko hapa."

"Nakwenda. Usikate."

Zilisikika hatua kwenye ngazi za chuma. Zilisikika kuku, na mtu akiuliza bei ya kitu. Teodora alikuwa ameshika mkono wa Selina, na alikuwa anaubana mpaka vidole vya Selina vikafa ganzi.

"Ng'wana wane," Teodora alikuwa anasema, bila kuacha. Mwanangu. "Ng'wana wane, ng'wana wane."

Kwenye simu ya Selina chumba cha Nahodha kilikuwa kimya bado. Upepo, mashine. Walikuwa wanasubiri bibi aseme. Wasikilizaji mia saba na tisa.

"Nipo juu," Obedi alisema. "Abiria wote wamekaa upande wa kivuli. Huku nyuma hakuna mtu."

"Tazama viti vya mwisho!" Sabina alisema.

"Natazama. Kitenge kipo."

Teodora alitoa mlio ambao haukuwa neno.

"Kimekunjwa vizuri, kimewekwa kwenye kiti. Na simu iko juu yake. Inawaka."

"Na mtu?" Selina aliuliza. "Obedi, mtu?"

Upepo ulipuliza kwenye simu mbili kwa pamoja.

"Mtu hayupo."

Obedi aligeuka, akamwita mwenzake aliyekuwa chini. Walimsikia akimwambia atazame vyooni, kwenye magari, kila mahali, na amwambie nahodha wa kivuko apunguze mwendo. Kisha akarudi kwenye kiti. Walimsikia akiinama. Akaokota simu ya Precious.

"Haloo?" alisema ndani yake.

Katika chumba, mia saba walisikia kipaza sauti cha Furu kikikwaruza. Hawakusikiliza ni sauti ya nani. Walikuwa wamesubiri kwa muda mrefu.

"Moja, mbili, tatu!" Nahodha alipiga kelele.

"Shikamoo, bibi!"

Sauti arobaini zilitoka katika simu iliyokuwa mkononi mwa Obedi, zikatoka katika simu ya Sabina, zikatoka katika simu ya Selina, na watu waliokuwa gatini wakageuka kutazama.

Obedi ana miaka sitini na miwili. Maishani mwake hajawahi kuamkiwa akaacha kuitikia.

"Marahaba, wanangu," alisema. "Marahaba. Jamani, mwenye simu hii yuko wapi? Kitenge chake kiko hapa kwenye kiti, yeye hayupo. Tuko katikati ya maji. Kama mnamjua, niambieni anaitwa nani, nimwite."

Chumba kilinyamaza.

Selina aliinua simu karibu na macho. Vipaza sauti arobaini vilikuwa wazi na hakuna kilichotoa sauti. Mia saba na zaidi, na hakuna aliyeandika neno.

"Niambieni jina," Obedi alirudia. "Nimwite."

Kipaza sauti kimoja kilifungwa. Kingine. Majina yakaanza kutoweka pembeni ya skrini, matano, kumi, Selina akiyahesabu kwa midomo kwa sababu hakukuwa na kitu kingine alichoweza kufanya. Yakabaki ishirini na mawili. Tisa. Manne. Jina la Nahodha lilitoweka la pili kutoka mwisho.

"Precious!" Teodora alipiga kelele kwenye simu ya Sabina. "Anaitwa Precious! Mwite!"

"Precious!" Obedi aliita. "Precious!"

Saa 4:21 lilibaki jina moja, Furu, kipaza sauti kikiwa wazi, taa ya kijani inawaka. Kupitia hapo walisikia mashine ikizimwa, na kwa macho yao, kutoka gatini, wakaona kivuko kikisimama katikati ya ghuba.